Pumzi ya Tatu

Bi Somoe Mtulia hakuwa Mkristo wala hakuwa na nia ya kuwa, lakini kila alichokuwa nacho, kuanzia godoro alilolalia mpaka ruhusa ya kuvuta hewa ya mlimani, kilining'inia kwenye waraka wa Kikristo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote walioishi ndani ya ukumbi wa kanisa letu pale Tukuyu. Bahari ilikuwa imemeza delta ya Rufiji mbele ya macho yao. Walikimbilia juu, na huku juu wakakuta Sheria ya Miinuko, inayosema mtu wa bondeni haishi mlimani ila kwa kibali. Kibali chao kilikuwa bangili nyembamba mkononi. Ikiwa kijani, askari wa geti anakupita kama anavyolipita jiwe. Ikigeuka nyekundu, unapandishwa lori na kupelekwa Kambi ya Chumvi, kwenye ufuo mpya, ambako watu hukohoa mwaka mmoja au miwili halafu hawakohoi tena.

Asubuhi ile nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya ukumbi akimenya ndizi mbichi, bangili ikicheza juu ya mkono uliolowa utomvu.

"Mwari wa mashine," akasema bila kuinua macho. "Yule mzee wenu amejibu?"

"Mzee yupi, Bi Somoe?"

"Huyo mtume. Mnamhoji mwezi mzima. Mtu amekufa zamani hivyo, hamumwachi apumzike."

"Hatumhoji yeye. Tunausikiliza waraka wake."

"Mimi akiniruhusu nilale, sina ugomvi naye." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa. Kalamu unayo? Nataka kumwandikia Hemedi."

Hemedi alikuwa mwanawe. Alikamatwa getini kabla hajavishwa bangili, akapelekwa kambini, na kambini hakuna mawasiliano mengine zaidi ya karatasi zinazoshuka na malori ya chumvi. Bi Somoe alijua kusoma na kuandika, ila baridi ya huku ilikuwa imemkakamaza vidole. Kisu alikishika; kalamu ilimshinda.

"Andika. Hemedi, mimi mzima. Huku baridi. Ndizi zao hazina ladha."

Nikaandika. Kisha, kwa kuwa niliona barua imekauka mno, nikaongeza kwamba kila asubuhi akiitazama ile bangili humkumbuka yeye alipokuwa mchanga, alivyokuwa akimshika mkono pale pale na kukataa kumwachia. Nikamsomea. Kisu kikasimama katikati ya ganda.

"Hayo ya mwisho sikuyasema."

"Niyafute?"

"Nimekwambia uyafute?" Akaendelea kumenya. "Sikuyasema, lakini ni yangu. Yaache. Weka jina langu chini. Lako usilitie, wewe ni mkono tu."

Nikaikunja barua nikaiweka mfukoni, isubiri lori.

*

Waraka wenyewe ulifukuliwa jangwani Misri kabla sijazaliwa, ndani ya jalala la kale, mafunjo juu ya mafunjo. Tuliuita Waraka wa Mileto, kwa sababu ulianza kwa jina la mtume na salamu zake kwa waumini wa mji huo. Wataalamu wa wakati ule walikubali kwamba ni wake, na makanisa ya nyanda za juu yakauingiza katika masomo ya Jumapili. Katikati yake palikuwa na kifungu kinachosema kwamba mlango anaofungiwa mtu akimbiaye maji amefungiwa Bwana mwenyewe. Kwa kifungu hicho wazee wetu waliibana serikali ya Miinuko mpaka ikasaini Agano la Mlango: mtu wa bondeni aliye chini ya paa la kanisa asiguswe.

Kosa walilifanya wazee wenyewe. Serikali haikuwauliza nani aliandika. Makanisa ya kaskazini yalikuwa yakiucheka ule waraka, yakiuita karatasi za jalalani, na wazee wetu, kwa fahari ya kuwajibu jirani zao, wakaandika ndani ya Agano kwamba hifadhi itadumu maadamu waraka ni wa mtume mwenyewe. Hata ibada waliibadilisha. Msomaji akifunga kitabu, mkutano mzima hujibu, "Tumemsikia mwenyewe." Nimeitikia hivyo tangu nina meno ya utoto. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja itatokea mashine inayoweza kuuliza.

Mashine hiyo tuliiita Sikio.

Watu wa zamani hawakuandika nyaraka kama sisi tunavyoandika, mtu na meza yake. Mwenye maneno alisimama akasema, mwandishi akakaa akaandika, na kila msemaji alipovuta pumzi mwandishi alipata nafasi ya kumfikia. Pumzi hiyo hubaki ndani ya sentensi hata ikinakiliwa na watu mia. Hukaa pale maneno yanapokatika, kwenye viungo vidogo ambavyo hakuna anayevichagua kwa makusudi. Sikio huvipima. Huusikiliza waraka kama mtu anayesikiliza kwaya, likakwambia huyu ni sauti ya kwanza, yule ni besi, na huyu wa nyuma hajui wimbo, anafungua mdomo tu.

Lilipoletwa Tukuyu lilijua Kigiriki, Kilatini na Kisiria. Kiswahili nililifundisha mimi. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa na stashahada ya uchambuzi wa matini na hasira ya kuona lugha yangu inahesabiwa kuwa kelele za nyuma, kwa hiyo kila nilipopata nafasi nililisomea mahubiri ya mwalimu wangu, makala za mwalimu wangu, na porojo zangu mwenyewe mchana kutwa, mpaka likawa linanitambua nikipiga chafya.

Mwalimu wangu alikuwa Mchungaji Asegelile Mwakasungula, Msikilizaji Mkuu. Baraza la Masomo lilikuwa na kawaida moja: Sikio linapima, lakini hukumu anaitoa mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Nilimwita Tata, kama anavyoitwa baba kwetu.

"Unaona nini?" akaniuliza siku vipimo vilipokamilika. Alikuwa amejikunyata ndani ya koti lake la sufu, ingawa chumba kilikuwa na joto.

"Pumzi ya kwanza ni ya mtume," nikasema. "Salamu, na mwanzo wote mpaka pale anapowakaripia wavivu. Ya pili ni ya mwandishi wake, ametengeneza hapa na pale. Sasa hapa kwenye mlango, Tata."

"Sema."

"Pumzi ya tatu. Si yake wala si ya mwandishi wake."

Hakushtuka. Akavuta nakala ya picha ya mafunjo na kuniwekea kidole mahali mistari ilipobanana.

"Tazama inavyosongamana. Maneno haya yalizaliwa pambizoni. Msomaji fulani, mtume akiwa ameshakufa siku nyingi, aliyaandika pembeni mwa nakala yake. Akaja mnakili mwingine. Sasa wanakili walikuwa na desturi: ukiruka mstari, unauandika pembeni, na atakayenakili baada yako anaurudisha mahali pake. Huyu akaona maneno pembeni, akadhani ni mstari uliorukwa. Akamrudisha nyumbani mtoto ambaye hakutoka katika nyumba hiyo."

"Kwa hiyo hakuna aliyedanganya."

"Hakuna. Mmoja alikuwa na jambo moyoni, mwingine alikuwa na bidii."

Nikaicheza tena ile pumzi. Sikio huweza kuitoa kama sauti: si maneno, ni mvuto na mshusho tu, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

"Tata, sikiliza inavyokatika. Anaandika maneno matatu, anaacha. Manne, anaacha. Hakuna anayemsomea, yuko peke yake. Kama mtu anayeitwa."

"Anaitwa wapi?"

"Mlangoni. Anaandika, mtu anabisha, anainuka kumfungulia, anarudi kuandika. Hakutunga mafundisho huyu. Aliandika alichokuwa anakifanya."

Mwalimu akacheka kwa pua. "Hiyo ni hadithi, Subi. Haipimiki."

"Lakini ni nzuri."

"Nzuri sana. Ndiyo maana usiiandike."

Dirishani nilimwona Bi Somoe ng'ambo ya ua, ameinamia jiko, anamsema mtu kuhusu kuni.

"Tukisema hivi, wale wanakwenda chumvini," nikasema.

"Agano lenyewe linawapa mpaka mwisho wa masika, likianguka kwa haki. Katika muda huo tutahangaika. Ng'ambo ya mto Songwe, ambako Sheria ya Miinuko haifiki, kuna milima, kuna makanisa."

"Hapatapatikana pa wote."

"Hapatapatikana pa wote," akakubali. Akavua miwani. "Najua unachokiwaza. Wapo wanafunzi wa zamani walioandika kwa jina la mwalimu wao alipokwisha kufa. Hawakuwa waovu. Walimpenda, wakadhani wanajua angesema nini. Nimezeeka nikiwa na watu hao mezani kwangu. Katika makosa yote hilo ndilo tamu kuliko yote, kumpenda mtu mpaka ukamnyang'anya mdomo. Andika kama ulivyosikia. Kesho asubuhi nitakuja kuitamka hukumu kwa sauti yangu."

*

Kesho yake asubuhi alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wa kulia wote na ulimi pamoja nao.

Hospitalini nilikuta wamemlaza chini ya dirisha. Jicho moja lilikuwa wazi, la pili limefumba nusu. Muuguzi akaniambia niseme naye, kwamba huenda anasikia. Nikamshika mkono wa kushoto.

"Tata, Baraza linakaa Jumapili. Wanasubiri hukumu."

Akanitazama.

"Nikiandika kwamba ni wa mtume, utanichukia?"

Jicho likafumba. Sikujua kama ni jibu au ni uchovu, na nitasema wazi: sikuhitaji kujua. Alikuwa ameshanijibu jana yake, mdomo ukiwa mzima, tena kwa Kiswahili kizuri. Sina namna ya kujifanya sikuelewa.

Baraza lilikuwa na kanuni kwamba Msikilizaji Mkuu akiugua anaweza kutoa hukumu kwa mkono wa mwanafunzi wake, kama mtume mwenyewe alivyokuwa akisema na mwingine akiandika. Mwanafunzi aliapa tu kwamba maneno ni ya mwalimu. Nikavuta kiti, nikaandika pale pale kando ya kitanda.

Nilianza kama anavyoanza yeye, kwa kulalamikia mguu wake. Nikaweka ile tabia yake ya kuuliza swali na kulijibu kabla hujameza mate. Nikaandika kwamba pumzi ya tatu ni ya mtume yule yule akiwa mgonjwa, kwa maana mgonjwa hupumua vingine: hukata maneno, husimama, huanza upya. Ulikuwa uongo mzuri kwa sababu niliuandika nikimsikiliza mgonjwa. Kila alipovuta hewa nilikata sentensi. Nilidhani kwa njia hiyo itakuwa yake.

Jumapili nilisimama mbele ya mkutano nikaapa, nikasoma. Katibu wa Baraza, Eliezeri Nzunda, alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Yeye na Mwalimu walisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Nilipofika kwenye malalamiko ya mguu akatabasamu, akajifuta jicho. Nikafunga karatasi, na kanisa zima likajibu kwa sauti moja.

"Tumemsikia mwenyewe."

Bi Somoe alikuwa amesimama nje ya mlango na wenzake, kanga kichwani. Nilipotoka akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Kumbe mzee wenu ana adabu," akasema. "Kwa hiyo nikoboe mpunga au bado?"

"Koboa, Bi Somoe."

Siku ile walipika wali kwa nazi ya unga, wakausema sana kwamba hauna ladha, wakaumaliza.

*

Mwalimu alifariki katikati ya juma. Tulimzika mvua ikinyesha. Siku mbili baadaye Katibu Nzunda akaniita chumba cha Sikio.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mwalimu, koti la mazishi bado mwilini. Hukumu yangu ilikuwa mbele yake, na kwenye kioo cha Sikio niliona rangi moja tu, yaani pumzi ya mtu mmoja, ikienda kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila hata doa.

"Sikuwa na shaka na wewe," akasema. "Nataka ulijue hilo kwanza. Nilimkumbuka tu. Nikasema haya ndiyo maneno yake ya mwisho, na mashine hii naambiwa inaweza kuitoa pumzi ya mtu ikasikika. Nikaiwekea karatasi, nikaiambia, nisikilizishe Asegelile." Akanyoosha mkono kuelekea kioo, akaurudisha. "Ikanipa wewe."

Ile pumzi bado ilikuwa inacheza taratibu chumbani. Niliifahamu kama mtu anavyofahamu uso wake. Nilikuwa nimekata sentensi pale alipokata yeye, lakini katikati ya mkato na mkato, kwenye vile viungo vidogo nisivyovichagua, nilikuwa mimi. Mashine nyingine yoyote isingeweza kujua. Hii niliifundisha mwenyewe.

"Alisema chochote?" akauliza. "Hata neno moja?"

"Hakuweza kusema."

"Na kabla?"

"Alisema si wa mtume. Aliniagiza niandike hivyo."

Akainamisha kichwa kama mtu aliyepigwa na tawi.

"Katibu," nikasema, "tuko wawili humu. Futa hicho kioo. Utakuwa umemuudhi nani?"

"Baba yangu alifukuzwa shambani kwa wosia ulioandikwa kwa jina la babu. Babu hakuujua. Aliyeuandika alikuwa na huruma vilevile, huruma ya watoto wake. Tukiuacha wa kwako kwa kuwa una moyo mzuri, kesho atakuja mwenye moyo mbaya na mkono mzuri kuliko wako. Tutamwambia nini?"

"Tutamwambia hapana. Tuna midomo. Kwa nini kila kitu tuiachie mashine ituambie tuseme hapana?"

"Subilaga."

"Wale ni watu, Katibu. Kuna mama pale nje anadai ndizi zetu hazina ladha. Unamjua. Ulikula wali wake."

"Nimekwisha kupeleka taarifa," akasema. "Asubuhi. Nilikula kiapo kama wewe, ila mimi ninakishika." Kisha sauti ikamdondoka. "Kipengele cha mwisho cha Agano hukukisoma?"

Nilikisoma zamani. Sikukikumbuka.

"Agano likianguka kwa haki, watu wana muda mpaka mwisho wa masika. Likianguka kwa ghushi, kanisa likakutwa limeapa uongo, linaanguka siku hiyo hiyo. Malori yako njiani."

Kwa haki. Mwalimu alilisema neno hilo, nami nililisikia nikalipita, kama mtu anavyopita kibao cha njia anayodhani anaijua. Mimi, msikilizaji.

*

Bangili hazikupiga kelele. Nilikuwa navuka ua mbio nilipoona. Wanawake walikuwa wamekaa duara wakimenya ndizi, mikono ikienda na kurudi, na katikati ya mwendo mmoja mikono yote ikawa na pete nyekundu. Waliendelea kumenya kidogo. Mmoja akausugua wa kwake kwa upindo wa kanga, akidhani ni utomvu.

Bi Somoe akaweka kisu chini. Akaitazama bangili, akanitazama mimi.

"Uliniambia nikoboe mpunga."

"Bi Somoe, sikiliza. Ule waraka haukuwa wa mtume. Kile kifungu chenu cha mlango aliandika mtu mwingine, hatumjui. Mwalimu alitaka tuseme hivyo, mpewe mpaka mwisho wa masika mtafute pa kwenda. Mimi nikaandika kwa jina lake kwamba ni wa mtume. Wamegundua. Sasa hakuna masika."

Nilimwambia yote kwa mkupuo, kwa kuwa malori yalishasikika yakipanda kona ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Ungesema kweli tungekuwa na mvua moja," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa mvua moja mtu anafika mbali. Watu wengine wangefika hiyo Songwe. Si mimi, miguu hii. Wengine."

"Ndiyo, Bi Somoe. Naomba uni—"

"Usiniombe." Aliinua kiganja, utomvu mweusi kwenye mistari. "Ukiniomba radhi itanibidi nikusamehe, mimi ndivyo nilivyolelewa. Na msamaha ni mzigo, mwanangu. Wanaruhusu mfuko mmoja. Kaa nao mwenyewe."

Akaingia ndani. Alitoka na mfuko wa rambo, kanga mbili na msahafu ndani yake. Askari wa Miinuko walikuwa wameshashuka, vijana wa hapa hapa, mmoja wao nilisoma naye. Walitazama mikono tu. Hawakumsukuma mtu, hapakuwa na haja.

"Barua ya Hemedi uliituma?" Bi Somoe akaniuliza tukiwa kwenye mlolongo.

"Lori la chumvi lilikuwa halijaja."

"Basi nipe."

Nikaitoa mfukoni. Akaitazama pande zote mbili, akaitia mfukoni mwake juu ya kanga.

"Nitampelekea mwenyewe," akasema. "Yale ya mkono nitamwambia ni yako."

Akapanda. Alisaidiwa na yule niliyesoma naye, akamshukuru. Malori yaliposhuka kona hakuna aliyeimba wala kulia. Uani zilibaki sufuria za ndizi zilizomenywa nusu, zikaanza kuwa nyeusi.

*

Baraza halikutaka kuniadhibu. Katibu Nzunda alinieleza vizuri, kwa upole, kama baba. Watu walikuwa wamechanganyikiwa, makanisa ya kaskazini yanatucheka tena, serikali inauliza ni viapo vingapi vingine tulivyoapa. Lilihitajika neno moja mbele ya mkutano. Nikiomba radhi, jina la Mwalimu litasafishwa, Sikio litabaki, nami nitabaki nalo. Nikikataa, nitoke kote kuwili, kazini na kanisani. Alinipa karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

Jumapili nikasimama mahali pale pale. Ukumbi upande wa pili wa ua ulikuwa umefungwa kwa kufuli jipya. Nikafungua karatasi nikasoma.

"Mimi, Subilaga Mwambelo, kwa moyo uliopondeka, nawaomba radhi Baraza la Masomo, serikali ya Miinuko na waumini wote, kwa kuwa nilifuata mfano wa mghushi wa kale aliyechafua waraka wa mtume kwa maneno ya pambizoni."

Nikasimama hapo. Mstari uliofuata ulikuwa na neno unyenyekevu mara mbili. Nikamtazama Katibu.

"Haya umeandika wewe," nikasema.

Mkutano ukafurukuta kwenye viti. Katibu akasema kwa sauti ya chini, "Endelea kusoma, binti yangu."

"Umeandika wewe, ukaweka jina langu juu, ukataka niyasome ili hawa waitikie kwamba wamenisikia mwenyewe. Nililofanya mimi na hili lina tofauti gani? Karatasi hii ipelekeni kwenye Sikio. Itawapa pumzi ya Eliezeri Nzunda tangu herufi ya kwanza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Katibu hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Nikaikunja karatasi nikaiweka juu ya mimbari.

"Mwalimu wangu nilimnyang'anya mdomo," nikasema. "Hilo ni lake na langu, naye amelala. Bi Somoe nilimnyang'anya masika. Nilitaka kumwomba radhi akanikataza, na amri yake naitii. Nyinyi ndio mnabaki. Kulikuwa na mtu aliyeandika pambizoni huku akiinuka kumfungulia kila aliyebisha. Hakujua nani anabisha, na sisi hatujui nani aliandika. Mlango ulikuwa wenu, ufunguo uko hapo ofisini mpaka sasa. Mngeweza kusema tunawafungulia kwa sababu wanabisha. Mkasema tunawafungulia maadamu aliyesema ni mkubwa. Mimi niliwapa mkubwa mliyemtaka."

Mvua ilianza kugonga bati, mvua ya masika, ile ambayo wangekuwa nayo.

Nilivuta pumzi, na kwa mazoea nikajisikia nikiivuta: fupi, ya juu juu, kisha mkato. Wote waliisikia.

"Hii ni yangu, haina mkono wa mtu," nikasema. "Ipimeni mnavyotaka. Siombi radhi."